Chembe Sahani Haina Kiini, Basi Watafiti Wanasoma Jeni Gani?

Swali la msomaji: "Daktari, binti yangu ana miaka 16. Tangu utotoni hutokwa damu puani, akigongwa kidogo damu huvilia chini ya ngozi, na tangu avunje ungo hedhi yake ni nzito hadi anakosa shule. Chembe sahani zake, zile zinazosaidia damu kuganda, ni chache, 90,000 katika mikrolita moja ya damu, na karatasi ya majibu inasema ni kubwa kuliko kawaida. Mwanzo tuliambiwa kinga ya mwili ndiyo inayoziua. Akapewa vidonge vya steroidi kwa miezi, havikuongeza kitu. Sasa tumeombwa aingie katika utafiti wa kulinganisha utendaji wa jeni ndani ya chembe sahani za wagonjwa na za watu wenye afya. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na kila mwaka nawafundisha wanafunzi kwamba chembe sahani haina kiini. Kama haina kiini, jeni zinatoka wapi? Na je, utafiti huo utatuambia mwanangu anaumwa nini?"

Mwalimu, poleni sana wewe na binti. Swali lako la kwanza ni la darasani, la pili ni la mzazi. Naanza na lile la darasani kwa sababu jibu lake ndilo linalobeba la pili.

Unachofundisha ni sahihi, usikibadilishe. Chembe sahani haina kiini wala kromosomu. DNA iliyomo ni ile kidogo ya mitokondria tu. Ila ina RNA, yaani nakala za kazi zinazoandikwa kutoka kwenye DNA ili protini zitengenezwe, na sehemu kubwa ya RNA hiyo haikutengenezwa hapo inapokutwa. Ilitoka kwa mama.

Mama huyo ni megakariosaiti, seli kubwa inayokaa kwenye uboho wa mifupa. Seli ya kawaida ya mwili ina seti 2 za kromosomu. Hii huzirudufu kromosomu zake bila kugawanyika, mpaka nyingi zinafikia seti 16, nyingine 32 au zaidi. Ikishakomaa husogea penye ukuta wa mshipa mdogo wa damu, hupenyeza mikono mirefu ndani ya mkondo, na damu inayopita huikata mikono hiyo vipande vipande. Kila kipande ni chembe sahani, upana wake mikromita 2 hadi 3. Mama mmoja huacha maelfu ya watoto. Mwili mzima hutoa takriban bilioni 100 kwa siku, kwa kuwa kila moja huishi siku 7 hadi 10 tu.

Kabla ya kuachana nao, mama huwafungia watoto masurufu ya safari: vijifuko vilivyojaa protini za kuganda damu, vipokezi vya kuhisi mshipa uliochanika, mitokondria za kuleta nguvu, ribosomu chache za kutengenezea protini, na RNA mjumbe za maelfu ya jeni. Kwa hiyo ukisikia "utendaji wa jeni katika chembe sahani", elewa kwamba jeni zenyewe zilitenda kazi kwingine, ndani ya uboho, siku kadhaa zilizopita. Kinachopimwa ni kile kilichobaki ndani ya fuko la msafiri. Ukilifungua fuko unajua mengi kuhusu nyumba alikotoka, lakini si yote kuhusu alivyo sasa. Ukishikilia wazo hilo moja, utaona mwenyewe ni wapi utafiti huu una nguvu na ni wapi utakuacha njiani.

Niongeze jambo moja ambalo wanafunzi wako wa juu watalipenda. Masurufu hayo si mzigo uliokufa. Mwaka 1998 kikundi kimoja cha watafiti nchini Marekani kilionyesha kwamba chembe sahani ikiamshwa hutengeneza protini iitwayo Bcl-3 kutokana na RNA iliyokuwa nayo tayari. Mwaka 2005 likaja jambo la kushangaza zaidi: ndani ya chembe sahani wamo hata mafundi wa kukata introni, yaani vipande vya RNA visivyo na maagizo ya protini, kazi ambayo vitabu vyote viliiweka ndani ya kiini. Mama huwapa watoto wake baadhi ya RNA zikiwa ghafi, introni bado zimo. Chembe ikiguswa na kichochezi cha kuganda, mafundi hao wanaikata RNA ya interlukini-1 beta, protini ya kinga inayochochea uvimbe, kisha ribosomu zinaisoma na protini inatoka. Seli isiyo na kiini inamalizia kazi iliyoanzwa kiinini mwa mama yake. Mimi nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilikaa nayo kwa muda mrefu.

Sasa, kwa nini mtu ajisumbue kusoma RNA ya chembe hizi wakati DNA ya binti inapatikana hata kwenye mate?

DNA ni maandishi yote ya kitabu, na kila seli yenye kiini inacho kitabu kilekile. Ukiisoma DNA unaona herufi iliyokosewa. Huoni ukurasa upi umefunguliwa, upi umefungwa, wala kama kosa fulani lililo mbali na jeni lina madhara yoyote. Magonjwa kadhaa ya chembe sahani yamejificha hapohapo, penye kufungua na kufunga. Nitakueleza mawili kwa urefu kwa sababu ndiyo yaliyonishawishi mimi kwamba kazi hii ina maana.

La kwanza ni ugonjwa wa chembe za kijivu, ulioelezwa mara ya kwanza mwaka 1971. Chembe za wagonjwa ni kubwa, ni chache, na chini ya hadubini zinaonekana kijivu, hazina rangi ya zambarau iliyozoeleka, kwa sababu vijifuko viitwavyo vya alfa ni vitupu au havipo. Damu haigandi vizuri, na miaka ikienda uboho hujaa nyuzi na wengu huvimba. Kwa miaka 40 hakuna aliyejua jeni yake. Mwaka 2011 vikundi vitatu viliifikia karibu wakati mmoja: ni NBEAL2. Kikundi cha Toronto, Kanada, kilifika kwa njia inayohusu swali lako moja kwa moja. Walichukua chembe sahani za mgonjwa, wakasoma RNA yote iliyomo, wakaona kwamba RNA ya jeni hiyo ilikuwa imevurugika, introni ambazo zilipaswa kuondolewa zimebaki ndani. RNA ilionyesha mahali pa kuchimba, DNA ikathibitisha. Chembe isiyo na kiini ndiyo iliyotoa siri ya jeni.

La pili ni ugonjwa wa Quebec, unaoitwa hivyo kwa sababu ulitambuliwa katika familia za jimbo hilo la Kanada. Wagonjwa hawa hawavuji damu papo hapo. Mtu anang'olewa jino, anakwenda nyumbani salama, halafu damu inafumuka baadaye, mara nyingi baada ya saa 12 hadi 24. Sababu ni kwamba fuko la chembe zao lina urokinazi nyingi mno, protini inayoyeyusha damu iliyoganda. Donge linafungwa vizuri, kisha linayeyushwa kutoka ndani. Mwaka 2010 ikagundulika kwamba kwenye kromosomu ya 10 kipande chenye jeni ya urokinazi, yaani PLAU, kimejirudia mara moja zaidi.

Hapo ndipo hesabu ilipokataa. Nakala moja ya ziada ingepaswa kuongeza protini kidogo tu. Kwenye chembe za wagonjwa hao urokinazi imezidi zaidi ya mara 100, na kwenye seli nyingine za damu haikuzidi hivyo. Jibu lilikamilika mwaka 2020: nakala ya ziada imeangukia jirani na kipande cha DNA ambacho kazi yake ni kuchochea jeni nyingine, ile inayofanya kazi sana ndani ya megakariosaiti. PLAU imejikuta inapokea amri za jirani. Kila herufi ya protini ni sahihi, kosa ni la utendaji peke yake. Na kwa kuwa sababu ilijulikana, tiba nayo inajulikana: wagonjwa hawa husaidiwa na dawa zinazozuia kuyeyuka kwa donge, kama asidi ya traneksamiki, wakati kuongezewa chembe sahani hakuwafai sana.

Ipo mifano mingine ya aina hiyo, nitaipitia haraka. Watoto wanaozaliwa bila mfupa wa redio, mmoja wa mifupa miwili ya mkono wa chini, huku chembe sahani zikiwa chache mno wana upungufu wa protini iitwayo Y14. Mwaka 2012 ilionekana kwamba nakala moja ya jeni yake, RBM8A, imepotea kabisa, na nakala ya pili ina badiliko dogo lililo nje ya maandishi ya protini, mahali pa kudhibiti tu. Kwa ANKRD26 mambo ni kinyume: jeni hiyo inapaswa kuzimwa megakariosaiti inapokomaa, lakini badiliko penye kitasa chake, yaani sehemu ya kuidhibiti, linawazuia wazimaji, protini zinazoizima, wasiishike, nayo inabaki inawaka. Na wazimaji wenyewe, hasa RUNX1, wakiharibika, huharibika nao mambo mengi kwa pamoja. Mwaka 2007 watafiti wa Philadelphia walisoma RNA ya chembe sahani za mgonjwa mwenye badiliko la RUNX1, wakakuta jeni nyingi zimeshuka, mojawapo MYL9, inayoisaidia chembe kujikunja inapoamshwa. Mwaka 2012 wengine wakaona MYH10, ambayo chembe ya mtu mzima haipaswi kuwa nayo, bado imo. Hiyo ndiyo alama ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu ni rahisi kuona kitu kilichopo kisipotakiwa kuliko kupima kitu kilichopungua kidogo.

Nimeitaja RUNX1 si kwa kujaza karatasi. Wanaorithi badiliko lake, na la ANKRD26 pia, wana hatari kubwa kuliko watu wengine ya kupata saratani ya damu. Ukikumbuka kwamba utafiti unaoingia unaweza kukutana na jambo kama hilo, utajua kwa nini baadaye nitakusihi uulize maswali kabla ya kusaini. Kwa binti yako, ukubwa wa chembe zake unaelekeza kwingine. Kwenye magonjwa hayo mawili chembe huwa na ukubwa wa kawaida.

Pia fuko hubadilika hata pale ambapo ugonjwa haukurithiwa. Kwenye ugonjwa wa uboho kutoa chembe sahani kupita kiasi, ule unaotokana na badiliko la JAK2, CALR au MPL, jeni iitwayo HSD17B3 ilikutwa imepanda sana kuliko kwa watu wenye afya. Kwa wagonjwa wa selimundu, utafiti wa mwaka 2007 ulikuta mabadiliko kwenye jeni zinazoshughulikia arjinini, ambayo mwili huitumia kulegeza mishipa. Kwenye homa ya dengi na ya mafua, mwaka 2019, jeni ya kupambana na virusi iitwayo IFITM3 ilikuwa imepanda ndani ya chembe sahani na ndani ya megakariosaiti. Uboho husikia vita vilivyo mbali na kubadilisha masurufu.

Sasa nikupeleke upande wa pili, ambao vijarida vya kuwashawishi watu waingie kwenye utafiti huwa haviufikishi vizuri. Kupima RNA hii ni kazi yenye mitego, na mtego mmoja umewanasa wengi.

Chembe sahani moja ina RNA kidogo sana. Chembe nyeupe moja ina RNA inayokadiriwa kuzidi ile ya chembe sahani mara 10,000 na zaidi. Fanya hesabu hiyo ubaoni na wanafunzi wako: ukisafisha sampuli mpaka ikabaki chembe nyeupe 1 kwa kila chembe sahani 10,000, utaiona safi kwa macho, lakini karibu nusu ya RNA utakayosoma si ya chembe sahani. Ndiyo maana maabara makini hutumia vishikizi vya sumaku vinavyozinasa chembe nyeupe kwa alama yao iitwayo CD45, kisha huhakikisha hata baada ya hapo.

Ubaya ni kwamba uchafu huo haugawanyiki sawa. Mtu mwenye afya mwenye chembe sahani 250,000 na chembe nyeupe 6,000 katika mikrolita moja anaanza na uwiano wa takriban 40 kwa 1. Binti yako, akiwa na 90,000, anaanza na 15 kwa 1. Mgonjwa mwenye 20,000 anaanza na kama 3 kwa 1. Ukiwasafisha wote kwa njia ileile, sampuli ya mgonjwa itabaki chafu zaidi, na kompyuta itatoa orodha ndefu ya "jeni zilizopanda kwa wagonjwa" ambazo kwa kweli ni jeni za neutrofili na limfosaiti, yaani chembe nyeupe. Nimewahi kuishika mkononi orodha ya namna hiyo, katika maabara moja niliyofanya kazi ujanani. Tulikwisha kufurahi. Kazi ya miezi ilibidi ianze upya, na damu za wagonjwa waliojitolea zilikuwa zimetumika bure. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma, na linaniuma bado.

Umri wa chembe nao hudanganya. Chembe iliyotoka uboho leo ina RNA nyingi. Kadiri siku zinavyopita RNA huchakaa, wala hakuna kiini cha kuirudisha. Kwa mgonjwa ambaye kinga yake inaziua chembe mapema, damu imejaa chembe changa. Ukimlinganisha na mtu ambaye chembe zake ni mchanganyiko wa changa na kuukuu, tofauti nyingi utakazoziona ni za umri, hazielezi ugonjwa wenyewe. Jambo hilohilo, likitumiwa kwa akili, lina faida: mashine nyingi za hospitali siku hizi hupima asilimia ya chembe sahani changa kwa rangi inayoshika RNA, na daktari akiiona iko juu hujua uboho unatoa nyingi lakini zinauawa njiani.

Kwa chembe kubwa kama za binti yako upo mtego mwingine. Ili kuzitenga chembe sahani, bomba la damu huzungushwa taratibu kwenye mashine ili chembe nyekundu zizame na chembe sahani zielee. Chembe sahani kubwa mno huzama pamoja na nyekundu. Fundi akichota juu anachota zile ndogo, na chembe zilizobeba ugonjwa zinatupwa pamoja na uchafu. Waulize watafiti wanafanyaje kwa wagonjwa wenye chembe kubwa. Wakiwa na jibu la haraka, ujue wameshalifikiria.

Tena kuna suala la nani anaitwa mwenye afya. Mwaka 2013 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba chembe sahani za washiriki weusi ziliitikia kwa nguvu zaidi kupitia kipokezi kiitwacho PAR4 kuliko za washiriki weupe, na RNA fulani zilitofautiana pia; baadaye badiliko la kawaida ndani ya jeni ya kipokezi hicho lilieleza sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Hawa wote walikuwa watu wazima kiafya. Binti wa miaka 16 akilinganishwa na wanaume wa miaka 50 wa asili nyingine, orodha itajaa mambo yasiyohusu kuvuja damu kwake.

Na hata RNA ikisomwa bila kosa, RNA si protini. Mwaka 2014 watafiti walilinganisha vyote viwili kwenye chembe za watu wenye afya: RNA za mtu na mtu zilifanana sana, lakini wingi wa RNA ulilingana kidogo tu na wingi wa protini. Haishangazi ukikumbuka fuko. Protini zilifungwa mapema na zinadumu, RNA inachakaa. Mengine msafiri huyaokota njiani: fibrinojeni iliyomo ndani ya chembe sahani hutengenezwa na ini, na chembe huichukua kutoka kwenye plazma. Ukiitafuta RNA yake kwa msafiri hutaipata, ilhali protini imejaa.

Sasa nije kwa binti.

Sijamwona wala sijamshika, kwa hiyo sitampa ugonjwa jina. Ila habari ulizozileta, yaani kuvuja damu tangu utotoni, chembe chache lakini kubwa, na steroidi kutosaidia, zinanifanya nifikirie ugonjwa wa kurithi kabla ya kufikiria tena kinga ya mwili. Watu wengi wenye ugonjwa wa kurithi hupitia njia hiyohiyo: wanaitwa wagonjwa wa kinga, wanamezeshwa steroidi, wengine hata wanatolewa wengu bila faida. Kama kuna anayezungumzia kuutoa wengu wa binti, mwombe asubiri mpaka mambo haya yatazamwe.

Kati ya magonjwa ya kurithi yenye chembe kubwa, yanayojulikana zaidi ni yale ya jeni MYH9, ugonjwa wa Bernard-Soulier, na ule wa chembe za kijivu niliokueleza. Angalia jinsi kila mmoja unavyojibu swali lako la pili. Wa chembe za kijivu umekwisha kuonekana kwenye RNA. Bernard-Soulier, ulioelezwa mwaka 1948, ni upungufu wa kipokezi kinachoishikiza chembe kwenye mshipa uliochanika. Kipimo cha leza kinachohesabu vipokezi juu ya chembe huutambua bila kugusa RNA. MYH9 ndio unaonigusa zaidi hapa, kwa sababu ukipita bila kutambuliwa unaweza, kwa baadhi ya watu, kuleta upungufu wa kusikia, ugonjwa wa figo au mtoto wa jicho miaka ya mbele. Na mara nyingi kosa lake ni herufi moja ndani ya protini: RNA ipo, kiasi chake kinaweza kuwa cha kawaida, protini inatoka, ila imepinda. Utafiti unaolinganisha wingi wa RNA unaweza kumpita mgonjwa huyo na kumwandika hana tofauti. Wakisoma herufi za RNA moja moja wanaweza kuiona, lakini ni lazima mtu awe ameamua kuitafuta.

Kwa hiyo, je, utafiti utakuambia mwanao anaumwa nini? Huenda ukachangia, hasa ukiambatana na kusoma DNA yake. Usiufanye badala ya uchunguzi wa kawaida. Utendaji wa jeni kwenye chembe sahani ni chombo cha watafiti. Hospitalini, magonjwa haya bado hutambuliwa kwa hadubini, kwa kupima jinsi chembe zinavyoshikamana zikichochewa, kwa kuhesabu vipokezi, na kwa kusoma DNA ya kundi la jeni zinazojulikana.

Kama angekuwa binti yangu ningemruhusu aingie, baada ya kuuliza. Je, watasoma DNA pia? Wakikuta jambo lenye hatari ya baadaye, kama lile la RUNX1, watamwambia nani, na je, binti ana haki ya kusema hataki kujua? Amefikisha umri wa kuulizwa mwenyewe. Mkalishe, mwelezeni, sauti yake iwemo. Je, watachukua damu kiasi gani? Mtoto anayepoteza damu kila mwezi asichotwe mabomba mengi kabla hemoglobini na akiba yake ya chuma havijapimwa. Hilo la chuma lifanyike hata asipoingia utafitini. Wasichana wengi wa namna yake hutembea na upungufu wa chuma kwa miaka wakiambiwa ni wavivu.

Waambieni pia kila dawa anayotumia. Aspirini na ibuprofeni huzizuia chembe sahani zisifanye kazi na huvuruga vipimo. Kwa mtu anayevuja damu kama yeye ni vizuri aziepuke kabisa, hata kwa maumivu ya hedhi, na atumie parasetamoli. Kuhusu hedhi yenyewe, asingoje jina la ugonjwa ndipo asaidiwe. Asidi ya traneksamiki au dawa za homoni hupunguza sana damu, na daktari wake anaweza kuamua ipi inamfaa wiki hii.

La mwisho ni dogo na halihitaji mashine kubwa. Mashine ya kuhesabu damu huzipanga chembe kwa ukubwa, na chembe sahani iliyo kubwa mno inaweza kuhesabiwa kama chembe nyekundu, kwa hiyo hata ile 90,000 inaweza kuwa chini ya ukweli. Omba damu yake ipakwe kwenye kioo na itazamwe na jicho la mtu mzoefu. Atakuambia kama chembe ni za kijivu au za zambarau, na kama ni kubwa zote au chache tu. Omba pia fomu iandikwe wazi kwamba azikague neutrofili: kwa wengi wenye ugonjwa wa MYH9 huonekana humo madoa ya buluu iliyofifia. Madoa hayo hupitwa kirahisi na mtu ambaye hajaambiwa ayatafute. Na ukienda, beba majibu yote ya zamani, hata yaliyochakaa, na wewe na baba yake mpimwe hesabu ya chembe sahani zenu siku hiyohiyo.